Chuo cha jamii Marekani: krediti zipi zinakufikisha, zipi zinakuacha njiani

Toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu vyuo vya jamii vya Marekani. Yaliyokuja ni mengi, na mengi yana mzizi mmoja: mtu amesoma, amefaulu, kisha anaambiwa masomo yake hayamfikishi alikokusudia. Chanzo kiko katika umbo la vyuo hivi. Kikongwe kati ya vya umma vilivyopo leo, Joliet Junior College cha Illinois, kilianzishwa 1901 ili vijana wasome miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu karibu na nyumbani. Kazi ya kufundisha ufundi na stadi za ajira ilikuja kukua baadaye, ndani ya majengo yaleyale. Kwa hiyo leo mlango ni mmoja, njia ni mbili, na herufi unazochaguliwa siku ya usajili ndizo zinazoamua uko njia ipi. AA na AS ni digrii za miaka miwili za kukuvusha kwenda chuo kikuu. AAS ni ya kukupeleka kazini. Zote zina krediti (vipimo vya uzito wa masomo) 60 au zaidi kidogo, na darasani unaweza kukaa dawati moja na mtu wa njia nyingine bila kujua.

Swali: Habari za kazi, wahariri. Nimemaliza AAS ya mitandao ya kompyuta, krediti 63, GPA (wastani wa alama) 3.4. Chuo kikuu cha umma hapa jimboni kimenikubali na kusema krediti zangu zote zimepokelewa. Lakini mshauri wao anasema bado nina miaka mitatu. Mbili na tatu si tano? Nimedanganywa wapi? — *Msomaji, Dallas, Texas*

Jibu: Hesabu yako ni sahihi na hakuna aliyekudanganya, ila kuna jambo hukuelezwa mapema. Krediti kupokelewa ni jambo moja. Kuhesabiwa kwenye digrii ni jingine. Digrii ya kwanza ina krediti 120 hivi, zimegawanywa katika mafungu: masomo ya msingi ya jumla (kwa vyuo vya umma vya Texas ni 42), masomo ya fani, na ya hiari. AAS yako kwa kawaida ina krediti 15 tu za masomo ya msingi; 48 zilizobaki ni za ufundi. Tuseme digrii unayoitaka ina nafasi ya krediti 12 za hiari. Basi 15 zimekaa mahali pake, 12 zimeingia kwenye hiari, na 36 zinaning'inia kwenye transkripti, yaani hati ya alama zako, bila kupunguza chochote. 120 kutoa 27 ni 93. Hiyo ndiyo miaka mitatu uliyotajiwa.

Usikubali jibu la kwanza lakini. Omba ripoti ya ukaguzi wa digrii, ile inayoonyesha kila somo limeangukia fungu gani. Tafuta masomo yako yaliyowekwa kwenye hiari ingawa chuo kikuu kina somo la fani linalofanana nayo. Kwa kila moja andika ombi la kubadilishiwa, ukiambatisha silabasi ya muhula uliosoma: mada za kila wiki, kitabu, saa za maabara, namna ya kutahiniwa. Maelezo ya mistari mitatu yaliyo kwenye katalogi hayatoshi, na ndiyo sababu maombi mengi hukataliwa. Ombi lipeleke kwa idara ya fani. Ofisi ya udahili haina mamlaka ya kusema somo fulani linatosha.

Njia ya pili ni kubadili digrii yenyewe. Vyuo vikuu vya umma kadhaa vya Texas vina digrii iitwayo BAAS, iliyotungwa kwa ajili ya watu wa AAS: hupokea masomo ya ufundi kama fungu zima. Kwa kazi za mitandao na usimamizi wa mifumo, waajiri wengi huangalia uzoefu na vyeti vya tasnia, kwa hiyo BAAS si hasara. Kama shabaha ni uhandisi wa programu au digrii ya pili ya sayansi ya kompyuta, hapo tungekuambia uvumilie miaka mitatu, maana kwa BAAS utakosa hisabati wanayoidai.

Kwa anayeanza leo, chukua karatasi ya masomo ya chuo kikuu unakotaka kuishia, kisha usome chuo cha jamii ukiifuata hiyo. Texas, ukimaliza krediti zote 42 za msingi chuo kimoja cha umma, kingine hakiruhusiwi kukudai masomo ya msingi zaidi. Ukihama na 36, watakukagua somo moja moja. California tovuti ya ASSIST huonyesha somo gani la chuo gani linalingana na lipi la chuo kikuu cha umma, na sheria ya 2010 iliunda digrii maalumu ya kuhamia mfumo wa California State, ambapo nafasi ndani ya mfumo unayo kwa hakika, ingawa si lazima iwe kampasi uliyoitaka. Florida nayo humhakikishia mwenye AA nafasi chuo kikuu cha jimbo, si lazima kwenye fani aliyoichagua.

Angalia hisabati kuliko kitu kingine chochote. Mshauri akikuona unasitasita atakupa somo la takwimu, na kwa saikolojia au biashara nyingi inatosha. Kwa uhandisi haikusaidii. Pale mnyororo ni aljebra, kabla-ya-kalkulasi, kisha kalkulasi ya kwanza, ya pili na ya tatu: mihula mitano, kwa sababu kila moja inafungua inayofuata. Fizikia ya wahandisi nayo haianzi kabla ya kalkulasi ya kwanza. Ukichelewa muhula mmoja kwenye hisabati, umechelewa muhula mmoja kwenye digrii nzima, hata ukijaza ratiba kwa masomo mengine kumi.

Swali: Shikamooni. Nina miaka 34, nilipata kadi ya kijani kwa bahati nasibu, nabeba boksi kwenye ghala usiku. Nataka kuwa muuguzi, RN kamili. Rafiki zangu wanasema nianze CNA (msaidizi wa muuguzi), wengine wanasema kwa nini nipoteze muda na CNA. Na itanichukua muda gani kwa ukweli? — *Mama wa watoto wawili, Columbus, Ohio*

Jibu: Marahaba, mama. Kwa ukweli: miaka mitatu hadi mitatu na nusu kwa mtu anayefanya kazi. Tangazo linasema miwili kwa sababu linahesabu mihula minne ya uuguzi wenyewe. Kabla yake kuna masomo ya maandalizi: anatomia na fiziolojia ya kwanza na ya pili (krediti 4 kila moja, pamoja na maabara), mikrobiolojia (4), uandishi wa Kiingereza, saikolojia na mara nyingi takwimu (3 kila moja). Jumla 21, na ya sayansi hayachukuliwi yote kwa pamoja. Vyuo vingine hudai biolojia au kemia kabla hata ya anatomia.

Elewa pia kwamba kusajiliwa kama mwanafunzi anayejiandaa na uuguzi si kukubaliwa kwenye uuguzi. Chuo cha jamii humpokea kila mtu, lakini programu ya uuguzi ina viti vichache na hushindaniwa kwa pointi: alama za sayansi, mtihani wa kuingilia (mara nyingi TEAS), na baadhi hutoa pointi kwa aliyefanya kazi ya CNA. Kinachowakwamisha wengi ni C ya anatomia waliyoipata muhula waliokuwa wakifanya saa 50 za ghala. C inapita kwenye transkripti, lakini kwenye pointi inazama. Vyuo vingi vina kikomo cha mara unazoweza kurudia somo, na alama za sayansi huhesabiwa zimechakaa baada ya miaka mitano au saba. Ukiwa na shifti nzito, chukua anatomia peke yake muhula huo, au pamoja na somo moja jepesi. Usiianzishe na mikrobiolojia.

CNA tunaiunga mkono, kwa sababu ya pesa zaidi kuliko pointi. Mafunzo yake kwa sheria ya shirikisho hayapungui saa 75, kati yake 16 za vitendo chini ya usimamizi. Majimbo kadhaa yanadai zaidi, kwa hiyo uliza ya Ohio kabla ya kujiandikisha. Nyumba ya wazee inayopokea Medicare au Medicaid (bima za afya za serikali) hairuhusiwi kukutoza mafunzo hayo kama tayari imekuajiri au imekuahidi kazi. Na kama ulijilipia kisha ukaajiriwa na nyumba kama hiyo ndani ya miezi 12, una haki ya kurudishiwa gharama kadiri unavyofanya kazi. Wengi hawaulizi, basi hawalipwi. Kazi ya CNA pia ina ratiba inayoelewana na masomo kuliko ghala.

Ukishakubaliwa, andaa mambo mawili mapema. Chanjo ya homa ya ini B kwa mpangilio wa dozi tatu huchukua miezi sita, na bila hiyo hospitali haikupokei kwa vitendo. La pili ni kifua kikuu. Sisi tuliozaliwa Afrika Mashariki wengi tuna kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, mkononi, na kipimo cha ngozi kinaweza kusoma chanya kwa sababu ya chanjo hiyo tu. Omba kipimo cha damu tangu mwanzo, usije ukazungushwa eksirei wiki ya kuanza.

Digrii ya miaka miwili na ya miaka minne hufanya mtihani mmoja, NCLEX-RN, na leseni ni ileile. Tofauti huja kwenye ajira: hospitali kubwa hupendelea ya miaka minne, na New York sheria ya 2017 inawataka wauguzi wapya waipate ndani ya miaka 10. Wengi huimalizia mtandaoni wakiwa tayari wanalipwa kama RN, mara nyingi kwa mchango wa mwajiri. Kabla ya kuchagua chuo, tazama kwenye ukurasa wa bodi ya uuguzi ya jimbo asilimia ya wanafunzi wake waliofaulu NCLEX mara ya kwanza, miaka mitatu ya karibuni. Chuo kinachotangaza sana na kuficha namba hiyo, kipite.

Swali: Jambo wakubwa. Mimi ni Mkongomani, nilipitia kambi ya Nyarugusu, nina Diplôme d'État (cheti cha kumaliza sekondari). Chuo kilinipima Kiingereza wakaniweka ngazi ya chini. Naambiwa nisome Kiingereza kama miaka miwili ndipo niingie umeme. Hakuna njia fupi? — *Baba, Des Moines, Iowa*

Jibu: Ipo njia ya kupunguza, baba. Kwanza, utalipia vipi Kiingereza hicho? Madarasa ya Kiingereza yenye krediti hulipiwa na ruzuku ya Pell, msaada wa serikali ya shirikisho kwa wanafunzi wa kipato cha chini, na Pell ina kikomo cha maisha: sawa na mihula 12 ya kusoma muda wote. Mihula minne ya Kiingereza ikila Pell, umebakiwa na minane. Vyuo vingi vya jamii vina pia idara ya elimu ya watu wazima ambako Kiingereza ni bure au kwa ada ndogo sana, hakina krediti na hakigusi Pell. Ngazi za chini zipande huko, Pell ianze karibu na masomo ya fani.

Pili, omba kupimwa tena. Watu wengi hufanya mtihani wa kuwapanga siku ileile ya usajili, bila maandalizi, baada ya kazi. Kama ni Accuplacer, mazoezi yake yapo bure mtandaoni. Fanya wiki tatu nne kisha urudi. Tatu, uliza kama umeme wa majengo unahitaji kweli ngazi ile, au ni mshauri anayesoma kanuni ya AA. Cheti cha ufundi mara nyingi kina kiwango cha chini kuliko digrii. Jimbo la Washington lina mfumo uitwao I-BEST ambapo mwalimu wa fani na mwalimu wa lugha hufundisha darasa moja kwa pamoja. Uliza kama chuo chako kina kinachofanana nao.

Diplôme d'État itafsiriwe na mfasiri aliyethibitishwa, kisha ikapimwe na shirika ambalo ni mwanachama wa NACES, muungano wa mashirika yanayopima vyeti vya nje. Ripoti ya hati tu inatosha kuonyesha ulimaliza sekondari. Ya somo kwa somo ni ghali zaidi na inafaa tu kama ulisoma chuo kikuu na unadai krediti. Na kama jamaa yako alipoteza vyeti njiani, sheria inamruhusu kupata msaada wa ada akiwa kwenye programu ya njia ya kazi inayotambuliwa, baada ya kufaulu krediti 6. Hilo halitangazwi sana.

Swali: Muhula wa kwanza nilifaulu krediti 12. Wa pili nilichukua 12 tena, shifti ikabadilishwa, nikaacha kwenda darasani. Chuo kimenitumia bili ya dola 1,260 na kuniambia sina tena msaada. Pell si zawadi? — *Kijana, Minneapolis*

Jibu: Ni zawadi unayoichuma siku kwa siku. Umetuandikia kwamba Pell ya muhula ilikuwa dola 3,000, ada 1,800, na 1,200 zilizobaki ukapewa mkononi. Siku ya mwisho uliyoonekana ni ya 33 kati ya 110, yaani 30%. Umechuma dola 900, 2,100 hukuzichuma. Chuo kinalazimika kurudisha 70% ya ada, ambayo ni 1,260, na hicho ndicho kinachokudai. Zile 1,200 za mkononi hudaiwi, kwa sababu kanuni hulinda nusu ya ruzuku. Ungevuka 60% ya muhula, siku ya 67, ungekuwa umechuma zote na bili isingekuwepo. Ndiyo maana kabla ya kuacha, tembea kwanza mpaka ofisi ya msaada wa ada na uulize tarehe ya 60% ni ipi.

Kuzuiwa msaada ni jambo la pili. Vyuo vingi hudai ufaulu angalau 67% ya krediti ulizojaribu na GPA ya 2.0. Wewe umejaribu 24, umefaulu 12: ni 50%. W (alama ya somo uliloliacha rasmi) nayo huhesabiwa kuwa umejaribu. Andika rufaa: nini kilitokea, ushahidi (ratiba ya zamani na mpya kutoka kwa mwajiri), na nini kimebadilika. Sehemu ya mwisho ndiyo wengi huiruka, wakamwaga huzuni ukurasa mzima. Lipa au panga kulipa ile bili, maana chuo kinaweza kukufungia usajili.

Ukirudi, chukua krediti 6. Watu wanadhani Pell ni lazima krediti 12. Si kweli, hulipwa kwa uwiano, na 6 ni nusu. Pia kuna ukomo wa 150%: digrii ya krediti 60 haifadhiliwi ukishajaribu 90, kwa hiyo kila somo unaloliacha linakula kwenye zile 30 za ziada.

Swali: Binti yetu amemaliza kidato cha nne. Tunataka aanzie chuo cha jamii Marekani kwa sababu ya gharama. Ataruhusiwa kufanya kazi akajisaidia? — *Mzazi, Eldoret*

Jibu: Kidogo tu, na msiiweke kwenye bajeti. Kwa viza ya mwanafunzi, F-1, mwaka wa kwanza anaruhusiwa kazi za ndani ya chuo tu, zisizozidi saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Pell hapati. Ada yake ni ya mtu wa nje ya jimbo, ambayo mara nyingi ni maradufu au zaidi ya ile mnayoiona kwenye tangazo. Vyuo vingi vya jamii havina mabweni, basi kodi ya nyumba ndiyo mzigo mkubwa. Lazima asome krediti 12 kila muhula, na darasa moja tu la mtandaoni ndilo linaloingia kwenye hesabu hiyo. Akishuka chini ya 12 bila kibali cha ofisi ya wanafunzi wa kigeni, hadhi ya viza imevunjika.

Faida kubwa ni kuhamia. California, kampasi sita za University of California humpa mwanafunzi wa chuo cha jamii cha jimbo mkataba wa kukubaliwa akitimiza masharti, na wageni wamo, ingawa baadhi ya fani kama uhandisi hutengwa. Baada ya digrii ya miaka miwili anaweza kuomba miezi 12 ya OPT (kibali cha kufanya kazi ya fani yake), kisha mingine 12 baada ya digrii ya kwanza, lakini ile nyongeza ya miezi 24 ya fani za sayansi na teknolojia haitolewi kwa digrii ya miaka miwili. Kabla ya kulipa dola 350 za SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni), someni kanuni za viza za wakati huo. Zimekuwa zikibadilika haraka.

Swali: CDL (leseni ya kuendesha malori) ya chuo cha jamii au shule ya binafsi ya malori? — *Dereva mtarajiwa, Louisville*

Jibu: Chuo cha jamii, kama kina gari za kutosha. Uliza wanafunzi wangapi kwa lori moja. Wakizidi wanne, utakaa kiti cha nyuma zaidi kuliko kwenye usukani. Kozi hizi za wiki chache kwa kawaida hazijaingia kwenye Pell. Sheria ya 2025 inazifungulia mlango kuanzia Julai 2026, ila kwa kozi za wiki 8 hadi chini ya 15 zilizoidhinishwa na jimbo. Kwa sasa nenda kituo cha ajira cha serikali uombe fedha za WIOA (mpango wa shirikisho wa kugharamia mafunzo ya kazi) kabla ya kujisajili, maana hawarudishi ulichokwisha kulipa. Tangu Juni 2025 dereva asiyeweza kujibu askari kwa Kiingereza au kusoma alama za barabarani huondolewa barabarani papo hapo, na kanuni za CDL kwa wasio raia wala wenye kadi ya kijani zimekuwa zikibanwa, kwa hiyo pita ofisi ya leseni ya jimbo kwanza. Na tangu Februari 2022 mafunzo hayatambuliwi kama mtoaji hayumo kwenye rejista ya watoa mafunzo ya serikali ya shirikisho. Rejista iko wazi mtandaoni. Tafuta jina la chuo humo kabla ya kutoa amana.